Kamba ya Mkono wa Kushoto

Jirani yangu Nyamoita, wa hapa Sironga, alizaliwa akitumia mkono wa kushoto, na kwetu hilo lilikuwa kosa tosha. Kumpa mtu kitu kwa mkono huo ni kumtukana. Utotoni walimchapa vidole hadi akajifunza kula kwa kulia. Kusokota kamba ndiko kulikomshinda kubadili. Aliviringisha katani pajani kwa shoto, na msokoto ukalala upande ambao macho ya watu hayakuuzoea.

Mara moja tu alipeleka kamba zake sokoni Nyamira. Wanawake walizigeuzageuza wakacheka: hizo ni za mkosi, zitajifungua zenyewe. Akarudi nazo zote, na tangu hapo akafungia ng'ombe wake mwenyewe. Mama mkwe wake, Bonareri, hakutaka hata kuzigusa.

Jumamosi moja mwaka wa 1969, watu wakiwa kanisani kwa Sabato, ng'ombe wake wa pekee wa maziwa akaibwa, na kamba yake shingoni. Ndama alibaki akilia.

"Nilikwambia, mkamwana," Bonareri akasema mbele yetu sote. "Kamba yako imejifungua, ndiyo imetupotezea ng'ombe."

Maneno hayo Nyamoita aliyabeba miezi miwili, mjane wa watu, akitaka kitu kimoja tu: aaminiwe kwamba kamba yake haikujifungua. Hasira ilinipanda, lakini jirani utaingiliaje ya mtu na mkwewe?

Polisi walikuta penye matope, karibu na zizi, alama ya kiatu cha tairi chenye kisigino kilichokatika pembe. Kiatu cha namna hiyo alikuwa nacho Angwenyi, mnunuzi wa ngozi wa Marani, ambaye wiki iliyotangulia alipita akimsifu sana ng'ombe yule. Walipopekua ghala lake hawakumwona ng'ombe. Chini ya rundo la ngozi walikuta kamba.

Mahakamani Kisii, Angwenyi alisimama kama bwana harusi. "Nani aliniona?" akauliza. Kweli, hakuna. Siku ile, alisema, alishinda kibandani kwake Marani. Lakini Owino, muuza samaki wa kibanda cha pili, akaapa kwamba pale palifungwa kutwa.

Angwenyi hakutetereka. "Mheshimiwa, viatu vya tairi vinavaliwa na nusu ya Kisii. Na kamba iko kila soko. Hii nilinunua."

Moyo ulinishuka, maana hapo alisema la maana. Hakimu akamgeukia Nyamoita. "Mama, umeuza kamba ngapi?"

"Hata moja, mheshimiwa." Alisema akitazama chini, kwa aibu. "Walizikataa. Walisema ni za mkosi."

Hakimu akaamuru iletwe katani na kamba ya soko, naye asokote palepale. Nyamoita akaketi sakafuni, akanyoosha mguu, akaviringisha katani kwa shoto. Karani akaweka kamba tatu mezani: ya soko, ya ghalani, na hiyo mpya. Ya soko ililala kivyake. Zile mbili zilikuwa dada.

"Hakuna aliyemwona mshtakiwa akiiba," hakimu akasema akitoa hukumu. "Tukitazama kiatu peke yake, au kibanda peke yake, hakimfungi mtu. Lakini haya yote pamoja yanamwelekea yeye, na sioni maelezo mengine yoyote yanayomwacha bila hatia." Akampa miaka mitatu. Mimi nilipiga makofi, askari akanikemea, na sijutii.

Ng'ombe hakupatikana. Ila ndama alikuwa mtamba, na aliponawiri Bonareri alikuja uani na fungu la katani.

"Mkamwana, huyu amekua. Msokotee kamba."

Nyamoita akanyoosha mkono wa kulia kupokea, kama adabu inavyotaka. Bonareri akalirudisha fungu kifuani.

"Siyo huo," akasema. "Leta ule mwingine."