Ndege Waliosimama Ziwani

Juzi sokoni Bwera, huku mpakani, niliona turubai la bluu lililoanikiwa muhogo. Harufu ile ya plastiki iliyochomwa na jua ikanirudisha kwenye mtumbwi wetu.

Nilikuwa mtoto, nasi tulikuwa tunatoka Kongo kuja upande huu wa ziwa, mimi, mama, godoro na kuku, turubai likiwa tanga letu. Baba, mchuuzi wa Butembo, mtu wa milimani, ndiye aliyeshika usukani. Karibu na ufuko aliona ndege weupe wengi.

"Pale maji iko mingi. Ona ndege iko naogelea," alisema, akaelekea huko.

Kumbe walikuwa wamesimama. Tulikwama topeni, mbele ya wanawake waliokuwa wakipara samaki. Baba akashuka, na maji yakamfika vifundoni.

"Mama, ona! Papa iko natembea juu ya maji kama Yezu!" nilipiga kelele.

Wanawake walicheka hadi wakaweka visu chini. Baba alisukuma mtumbwi kwa bega bila kunitazama, nami nikadhani amenikasirikia.

Jioni ya juzi, nikimkanda Baba miguu yake iliyovimba, nilimwuliza kama alikasirika.

"Hapana," alisema kwa uchovu. "Nilikuwa nasikia udongo chini ya miguu. Mimi sijuagi kuogelea."