Jina la Devota Kwenye Orodha

Kila Jumamosi saa kumi jioni, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya maghala ya zamani ya mkonge mjini Kilosa, Magreth husoma orodha. Wanawake husimama mstari mmoja, kila mmoja akiitika "Nipo." Baada ya jina la tatu Magreth husita, kisha huruka kwenda la tano. Katikati hapo hubaki pumzi moja ambayo hakuna anayeijaza. Hata Scholastica, ambaye huongea mpaka kanisani, hutazama viatu vyake.

Jina la nne ni Devota Anselmi.

Timu yao inaitwa Masalia Queens. Wote walisoma sekondari moja, ng'ambo ya reli, na sasa wanacheza mpira wa pete kwenye ligi ya wanafunzi wa zamani. Magreth alikuwa dada mkuu wa shule ile na hadi leo hajakiacha cheo hicho. Sheria yake ni moja: kiwanjani hakuna Mama Fulani, hakuna jina la mume wala la utani. Unaitwa kwa jina lililokuwa kwenye rejista ya darasa, basi. Wenzake waliipenda sheria hiyo. Saa mbili kwa wiki waliacha kuwa mama na wake za watu, wakarudi kuwa wasichana wenye soksi nyeupe.

Kwa mmoja wao haikuwa hivyo. Sokoni alijulikana kama Mama Innocent, muuza mchele. Kitambulisho chake cha taifa kilimwita Kija Pastory, binti wa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Tindiga na ng'ombe wake. Devota lilikuwa jina la darasani tu, kisha la kiwanjani.

Ilianza mwaka aliomaliza darasa la saba, jina lake likakosekana kwenye waliochaguliwa kuingia sekondari. Jina la Devota Anselmi, mtoto wa fundi wa reli, lilikuwepo, ila mwenyewe hakuripoti. Ilisemekana yuko Mikumi na shule haitaki. Baba yake Kija alikaa na mtu mmoja uani, wakazungumza mambo ambayo Kija hakuitwa kuyasikia. Wiki ile ile akashonewa sare.

"Wakiita Devota, itika," baba alimwambia kwa Kisukuma. "Usigeuke nyuma kutazama anaitwa nani."

Aliitika miaka minne. Zamani zile halikuwa jambo la kushangaza; watoto wengi walikalia madawati kwa majina ya wenzao. Cha kushangaza ni kwamba alikuwa na miaka thelathini na tisa na bado anaitika. Lakini angefanyaje? Alikuwa mrefu, mwenye mikono mirefu, beki wa mwisho ambaye mipira ya juu ilimjia kana kwamba imemkusudia. Na duniani kote hapakuwa na mahali pengine ambapo yeye alihesabiwa kuwa mtu aliyesoma. Kiwanja kile kikiondoka, angebaki na mizani na magunia.

Msimu ulianza mwezi wa sita, mpunga ukiwa umeshavunwa. Timu sita, nyumbani na ugenini. Masalia walifungwa mara moja tu katika mzunguko wa kwanza, na Mikumi, kwa goli moja, na aliyewamaliza alikuwa binti mmoja mwembamba mwenye shabaha ya kutisha.

"Yule ni mamluki!" Magreth alifoka. "Wameokota mtu barabarani wakamvika sare. Sisi tunamaliza kidato cha nne, yule hajazaliwa!"

"Alikuwa ameshazaliwa, Dada Mkuu," Scholastica akasema. "Ila alikuwa bado ananyonya."

Magreth hakucheka. Usiku huo huo aliandika barua ya malalamiko, na kwa kuwa ilihitaji saini yake kama nahodha na ya msaidizi wake, kesho yake aliipeleka sokoni kwa Kija.

"Weka saini, Devo. Wewe ndiye umeonewa zaidi. Kakufunga mara kumi na tisa."

Kija alifuta unga wa pumba viganjani, akaandika: D. Anselmi. Mkono ulikuwa umezoea.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili kwenye simu za wote. Mudathir, katibu wa ligi, alitangaza kwamba siku ya mechi ya mwisho, Masalia na Mikumi, kila mchezaji atafika na cheti halisi cha kidato cha nne na kitambulisho cha taifa. Majina yasipolingana, mchezaji anaondolewa, na timu yake inapoteza pointi za kila mechi aliyocheza.

"Tumewashika!" Sauti ya Magreth ilipasuka kwenye simu. Masalia walikuwa wanaongoza kwa pointi moja. Kija alikuwa amecheza mechi zote.

Tangu siku hiyo alipima mchele akakosea, akapima tena. Treni ya umeme ilipopita juu ya tuta, alishtuka kama mtu aliyeitwa. Mumewe, Kondo, ambaye peke yake ndiye aliyejua, alijaribu kumtafutia mlango wa kutokea.

"Waambie mguu umeteguka, usiende."

"Mguu hautafuta mechi tisa nilizocheza."

"Basi waambie ukweli."

"Niwaambie nini, Kondo? Kwamba mamluki aliyeandikiwa barua ni mimi, na barua nimeisaini?"

Jumatano ya wiki ya mechi alipanda gari kwenda Mikumi kumtafuta mwenye jina. Devota mwenyewe hakuwa mgumu kupatikana. Binti wa mzee Anselmi alipika kwenye kibanda cha chakula kando ya barabara kuu, yanaposimama malori ya Iringa. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, kitambaa kimefungwa kichwani kama cha mtu asiye na muda. Kija alisalimia, akajieleza kwa sauti ya chini, maneno yakigongana. Devota aliweka upawa juu ya mfuniko wa sufuria.

"Kwa hiyo wewe ndiye mimi," alisema. "Kaa."

Kija akakaa.

"Nilipata divisheni ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Hesabu?"

"F."

"Hapo umenipatia kabisa!" Devota alicheka hadi dereva mmoja akageuka. Kisha kicheko kikakatika. "Nilirudi, unajua."

"Ulirudi wapi?"

"Shuleni. Mama alikuwa mgonjwa huku, nikamuuguza mpaka akafa. Mwezi wa tano nikaja Kilosa na barua yangu ya kuchaguliwa. Wakaniambia Devota Anselmi yupo, anahudhuria vizuri, nisiwachezee. Wakanionyesha dirishani. Ulikuwa umeinama, unaandika."

Miaka yote Kija alikuwa ameamini amekalia kiti kilichoachwa. Devota alijifuta mikono, akachomoa kitambulisho kwenye pochi na kukiweka mezani kati ya sahani.

"Chukua. Jumamosi utanirudishia. Kwenye hizi picha wote tuna sura za wafungwa, hawatajua."

"Kwa nini unanipa?"

"Ulitaka nifanye nini? Nikupige, na wateja wanasubiri wali?"

Jumamosi Masalia walikodi basi dogo la Kosta kwenda Mikumi. Scholastica aliimba nyimbo za paredi ya shule njia nzima, na wengine wakapiga mapaja. Kija alikaa dirishani, mkoba umebanwa magotini. Ndani mlikuwa na cheti kimoja na vitambulisho viwili.

Meza ya ukaguzi iliwekwa chini ya turubai, pembeni ya kiwanja. Mikumi walianza. Yule binti mwembamba aliweka cheti na kitambulisho, Mudathir akavilinganisha, akarudia, akasema, "Sawa. Amemaliza mwaka elfu mbili na kumi na tisa, hapa hapa." Watu wa Mikumi walishangilia. Magreth alikunja uso, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Ikaja zamu ya Masalia. Magreth, sawa. Scholastica, sawa. Paulina, sawa.

"Devota Anselmi."

Kija alisogea. Kidole chake kilikuwa kimeshaigusa kadi ya Devota alipoinua macho na kumwona mwenyewe, nyuma ya nguzo ya goli, bado na aproni. Alikuwa ameacha masufuria yake kuja kutazama. Jina lake lilipotajwa, kidevu cha Devota kiliinuka na midomo ikafunguka kidogo, kama mtu anayetaka kuitika. Halafu akaifunga.

Kija aliiachia ile kadi. Akatoa nyingine.

Mudathir alisoma cheti. Akasoma kadi. Akasoma cheti.

"Devota, umekosea kadi," Magreth alinong'ona. "Umechukua ya nani hiyo?"

"Sijakosea, Dada Mkuu. Ndiyo yangu. Naitwa Kija Pastory."

"Na hiki cheti?" Mudathir aliuliza.

"Mtihani nilifanya mimi. Jina ni la yule dada pale."

Wote waligeuka. Devota hakujificha. Alikunja mikono kifuani, akaacha wamtazame.

Mambo yaliyofuata hayakuchukua muda. Mudathir alipiga mstari mwekundu juu ya mechi tisa, Masalia wakashuka kutoka juu hadi mkiani, na mpira ukachezwa tu kwa kuwa watazamaji walikuwa wameshafika. Kija hakuutazama. Alimrudishia Devota kadi yake, na juu yake akaweka cheti. Devota alikisoma chote, hata maandishi madogo ya chini, akakikunja na kukitia kwenye aproni. Hakusema asante, na Kija hakuingoja.

Ndani ya Kosta hakuna aliyeimba. Nyumba za mwisho za Mikumi zilikuwa zimeshapotea nyuma, ndipo Magreth alipohama kiti akaja kukaa karibu naye.

"Ungeniambia mimi."

"Ungefanya nini?"

Magreth alifikiri. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mwongo.

"Ningekufukuza," alisema. "Ila ningekufukuza mwezi wa sita, kabla hatujacheza."

Scholastica, kiti cha mbele, alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko au kilio. Kija alitikisa kichwa kukubali. Alipoteremka sokoni Kilosa aliwaaga mmoja mmoja. Walimjibu kwa sauti ndogo, na hakuna aliyejua amwite nani.

Baada ya msimu ule Kija Pastory alihamia Dumila, ambako hakuna aliyewahi kumwita Devota. Ana meza ya mchele upande yanaposimama mabasi ya Dodoma, na amepanga chumba na sebule nyuma ya kituo pamoja na mumewe na mtoto wao.