Mgeni Ambaye Niliona Panado Haimtoshi

Mwanangu, kuna siku moja nikiikumbuka uso unanichoma hadi leo. Nilikuwa binti, nauza kwenye duka la dawa la shangazi huku Katonga, miaka ile Warundi walipokuwa wanavuka mpaka kukimbia vita kwao. Nyumbani tulimpokea bibi mmoja na wajukuu zake. Tulimwita Mukecuru, bibi kizee kwa Kirundi. Magoti yake yalikuwa yamevimba kwa kutembea milimani.

Panado ilikuwepo. Nikaiona ni dawa ya kila mtu, mgeni nimpe kitu cha heshima. Basi nikamletea vidonge vya diklofenaki, dawa kali zaidi ya maumivu.

"Mwana wanje," yaani mwanangu, akaniambia kwa upole, "mbona aspirini namezaga kila siku, ya kichwa?"

"Hiyo ya kichwa, bibi, hii ya magoti. Meza zote mbili."

Nilijua majina ya kwenye maboksi tu, lakini nilivyomjibu ungedhani nimesomea udaktari.

Siku chache baadaye akatapika damu nyeusi kama kahawa iliyosagwa. Tukamkimbiza hospitali. Tabibu aliponiuliza nimempa nini, nilitaja kwa sauti ndogo diklofenaki yangu na aspirini yake.

"Hizo ni ndugu, binti," akasema. "Zote zinatuliza maumivu na uvimbe, na zote zinachubua tumbo. Tena huyu tumbo lake lilikuwa tupu."

Nikajiuliza, tupu vipi, na kwetu anapakuliwa chakula? Aliongezewa damu, akapata nafuu, nami nikaenda kitandani kwake kuomba radhi. Akanitangulia.

"Nisamehe, mwana wanje. Ugali wangu nilikuwa nawapa watoto. Niliona haya kukwambia."

Mimi nusura nimuue, yeye ndiye ananiomba msamaha. Nilitamani ardhi inimeze.

Kwa hiyo sikiliza. Panado hutuliza maumivu na homa bila kuchubua tumbo, ila uvimbe haiuwezi, na ukiizidisha inaharibu ini. Aspirini, brufen na diklofenaki ni ukoo mmoja: usizichanganye, usizimeze na njaa, na mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au mimba asiziguse kabla ya kumwona tabibu. Prednisolone ni ukoo mwingine. Hushusha uvimbe, lakini hushusha na kinga ya mwili. Hiyo usijipangie, wala usiikatishe ghafla.

Na mgonjwa muulize amekula nini, anameza nini, kisha umsubiri ajibu. Mungu akulinde, mwanangu, asikufikishe kando ya kitanda kama kile, niliposimama mimi.