Muwa wa Dada Zena

Enzi za Mdachi, sisi watoto wa mlimani tulimenya miwa kwa meno. Asubuhi ukungu wa Uluguru uliingia mpaka uvunguni mwa vitanda, na kule bondeni Morogoro gari moshi likalia bila kuonekana. Tulikaa kwenye majani yenye umande tukitafuna, utamu ukitiririka hadi viwikoni. Bingwa wetu alikuwa dada yangu Zena. Aliukamata muwa kwa magego, akavuta ganda mpaka chini bila kulikata, kisha akacheka kinywa wazi, na bonde zima likajua Zena yupo.

Sikio lake la kushoto lilitoka usaha tangu akitambaa. Mama alipasha majani moto akamkamulia maji yake sikioni. Likakauka siku chache, likarudi. Ukimwita upande ule hasikii, nasi tukamtania, "Sikio la kufa halisikii dawa!" Akatutimua hadi mtoni. Tulilizoea sikio lile kama mtu anavyozoea kovu.

Alipovunja ungo akawekwa ndani, kama ilivyo ada yetu Waluguru. Mwali hukaa kwenye giza miezi na miezi, anasema kwa kunong'ona. "Mwali hacheki meno nje," Mama alimfunda. Mimi ndiye niliyempelekea chakula. Mwanzoni alikula ugali, baadaye akawa anamega vitonge vidogo vidogo, mwisho akataka uji tu, akiunyonya taratibu huku kashika shavu. Mama akaona mwanawe kaiva kwa adabu. Hata Mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli, alipopita mlangoni Zena alimwamkia "Shikamoo, Mjomba" meno yakiwa yamebana.

"Huyu kafundwa haswa," Mjomba akasema. "Kinywa chake hakifunuki ovyo."

Siku ya kumtoa, ngoma zililia tangu alfajiri. Dada akatokeza, ngozi inang'aa mafuta ya mbarika, macho yakikwepa jua. Nilikuwa nimemwekea muwa mnene kuliko yote shambani. Akaupeleka kwenye magego kama zamani, ukagota kwenye meno ya mbele. Akajaribu tena.

"Siku za haya zimekwisha, mwanangu, fumbua kinywa!" wanawake wakamcheka.

Machozi yakamtoka. Mama akasogea, akajaribu kupenyeza kidole katikati ya meno yake, kisipite. Ngoma zikanyamaza moja moja.

Mganga wa kizungu kule misheni alisema ugonjwa wa sikio ulishuka pole pole hadi kwenye kiungo cha taya, kikakakamaa. Mama aliuliza neno moja tu, "Lini?" Ni miezi ile ile tuliyokuwa tukimsifu.

Mganga alimpachika vijiti kati ya meno, kila mara kinene zaidi, Zena akilia. Taya likafunguka upana wa kidole, likagoma hapo. Aliolewa, akazaa, akabembeleza wanawe kwa kuguna wimbo puani. Kile kicheko hatukukisikia tena.

Enzi zetu zilikuwa tamu, sikatai, na ukungu ule naulilia hadi leo. Wajukuu wangu humenya muwa kwa kisu, aibu gani hiyo! Tena wasichana wakicheka unawaona hadi kidakatonge. Wenzangu wa rika huniambia, "Bibi, wakemee hawa." Kwa kisu nawakemea kutwa. Kwa kicheko, siwezi.