Meza Yangu Haibaki Nati

Mimi giaboksi naifunga mwenyewe, simwiti mtu, na gereji nzima hapa Sakina wanalijua hilo. Wapo mafundi wakimaliza kufunga, mezani zinabaki nati mbili tatu, wanazitia mfukoni kimyakimya. Kwangu hakibaki kitu.

Jumanne nilishusha giaboksi ya pikapu ya Mama Neema, muuza ndizi wa Kikatiti, maana ilikuwa inalia. Nikaifungua, nikapanga kila kipande mezani. Beringi moja ilikuwa imekwisha kabisa, nikamtuma mama mwenye gari akanunue mpya mjini. Alipochelewa, nikaanza kufunga ili akirudi akute kazi imeiva. Mikono ikakolea kazi. Saa nane giaboksi ilikuwa imerudi chini ya gari, oili imejaa, meza nimeifuta inang'aa.

Nikawaita mafundi wote. "Tazameni meza," nikawaambia. "Kuna hata nati?"

Hata bosi wetu, Mzee Mollel, ambaye hasifii mtu, alitikisa kichwa kukubali.

Ndipo Mama Neema akaingia anahema. "Pole kwa kunisubiri, fundi," akasema, akafungua mkoba, akaiweka beringi mpya katikati ya meza yangu tupu.