Mgongo wa Verla

Ukiingia dukani kwa Orrin Haycock pale Escalante, mji mdogo wa jangwani penye makorongo, utamwona mkewe mara nyingi kabla hujamwona mwenyewe. Yuko pichani kwenye kila ukuta, mdogo kama tone la damu chini ya miamba, jaketi jekundu mwilini, mgongo umewageukia watu. Wateja huuliza ni nani yule. "Huyo ndiye rula yangu," Orrin huwajibu akicheka. "Bila yeye, mwamba hauna ukubwa." Verla naye yuko nyuma ya kaunta, anafunga picha iliyonunuliwa kwa karatasi, na huendelea kufunga.

Alizaliwa hapo hapo mjini, binti wa mfugaji wa ng'ombe, na tangu utotoni aliogopa mahali pembamba. Kaka yake alimfungia siku moja ndani ya shimo la kuhifadhia viazi, kwa mzaha tu, kisha akaenda zake kuogelea akamsahau. Mama yao alipomtoa, mtoto hakuwa na sauti hata ya kulia. Jambo hilo Verla alimweleza Orrin kabla ya harusi. Orrin wakati huo alikuwa mwalimu wa sayansi, akipiga picha Jumamosi kwa Jumamosi, kijana mwembamba mwenye masikio makubwa. Alimshika mkono akamwambia, "Basi popote pembamba, mimi nitatangulia."

Hakukusudia kudanganya. Lakini kupiga picha kuna desturi zake. Mpiga picha hubaki nyuma na kamera yake, na anayetangulia kwenda kusimama kule ndani, kuta zinapokaribia kugusana, ni yule mwingine. Mwingine huyo akawa Verla. Alijifunza kuhesabu pumzi. Alijifunza kutazama juu, pale penye ufito wa mbingu, asitazame pembeni. Watoto walikua wakahamia mbali, Orrin akaacha ualimu, duka likafunguliwa, na watu wakaanza kuagiza kalenda kutoka majimbo ya mbali. Mwaka ukawa duara lisilo na mlango: vuli ni mwanga mzuri, baridi ni kalenda, masika ni watalii. Nedra, dada yake aliyeolewa Oregon karibu na bahari, alimpigia simu kila mara kumwita akakae naye kiangazi kimoja. "Msimu ukiisha," Verla alimjibu. Msimu haukuisha.

Mwezi wa Oktoba, mwaka aliotimiza miaka sitini na minane, waliingia katika Korongo la Kengele. Wiki iliyotangulia mvua ilikuwa imenyesha milimani, na chini ya korongo maji yalikuwa yametuama, baridi kama chuma. Walitembea tangu alfajiri. Mahali pamoja Orrin alimsukuma kwa bega kupanda jiwe kubwa lililoziba njia, kisha Verla akamvuta yeye kwa kamba. Karibu na adhuhuri wakafika penye kona aliyokuwa akiiota Orrin, ambapo jua hugonga ukuta wa juu na mwanga huteremka chini umegeuka kuwa rangi ya kaa la moto.

"Nenda mpaka pale kwenye kona," Orrin alisema akifungua stendi ya kamera. "Kushoto kidogo. Tena kidogo. Hapo. Nipe mgongo."

Verla akapiga hatua ya mwisho, na ardhi ikamwachia. Mguu wa kulia ulitumbukia, wa kushoto ukafuata, mchanga ukamkamata kama uji mzito.

"Orrin, nimezama."

"Kiasi gani?"

"Magotini. Unapanda."

"Haupandi, ni wewe unayehangaika. Tulia. Mchanga huo haummezi mtu, ukifika mapajani hushiba."

Alitulia. Mwanga ukashuka ukutani, mwekundu, ukamfikia mabegani. Nyuma yake akasikia mlio wa kamera. Ukafuata mwingine.

"Orrin."

"Nakuja, mke wangu. Mwanga huu haukai. Usigeuke."

Naye hakugeuka. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko mengine yote: kwamba alikuwa amefungwa miguu miwili na bado akanyoosha mgongo, ili picha itoke vizuri.

Mwanga ulipopita Orrin alikuja mbio. Alivuta kwa mikono, akavuta kwa kamba, akavuta mpaka akashika kiuno kwa maumivu. Mguu wa kushoto ulitoka bila kiatu. Wa kulia ulikataa kabisa. Mzee alikuwa amepauka.

"Itabidi nirudi kwenye gari, niteremke mpaka pale simu inaposhika," alisema. Alimvika koti lake, akampa maji na mkate wenye asali, akamwachia begi la kamera na stendi ili atembee mwepesi. "Usiogope."

"Naogopa."

"Najua. Lakini usiogope."

Nyayo zake zikapotea, akabaki na kuta. Kwanza aliita, lakini sauti ilimrudia imekuwa ya mtu mwingine, akaacha. Akaimba nyimbo za kanisani mpaka meno yakaanza kugongana. Kisha shimo la viazi likaja lenyewe, na harufu yake ya udongo, na miguu ya kaka yake ikienda mbali juu ya mbao. Akawakumbuka wote waliomweka mahali wakamwambia atulie. Alishangaa kuona ni wengi kiasi hicho, na kwamba hakuna hata mmoja aliyemchukia.

Hasira ikampanda taratibu, ikampa joto kidogo. Akavuta stendi ya Orrin, ile ambayo mumewe aliifuta vumbi kila jioni kama anaosha mtoto, akaichomeka kando ya shavu la mguu wake akaanza kukoroga. Maji yakaingia, mchanga ukalegea, ukakaza tena. Akakoroga. Mguu mmoja wa stendi ukavunjika, akaendelea kwa kipande kilichobaki. Goti lilimchoma kama kisu. Mwisho akalilalia begi la kamera kifudifudi asizame upya, akasikia kitu kikipasuka ndani ya begi, akajisukuma na kujiburuza, na mguu ukatoka na sauti ya busu baya.

Akatambaa mpaka kwenye kokoto. Alikuwa huru, na hakuwa na pa kwenda. Jiwe lile kubwa hakuweza kulishuka peke yake kwa goti lile. Akaketi, akautazama ufito wa mbingu ukififia.

Waokoaji walimkuta jua lingali kidogo. Mbele alikuwa Lamont, mwuza nyama wa mjini. "Dada Verla, tumeambiwa umezama, kumbe umekaa kama unangoja zamu kwa msusi."

"Umechelewa, Lamont. Nilitaka kukatwa mguu na mtu anayejua nyama."

Orrin alipita katikati yao, akapiga magoti kwenye maji, akamkumbatia na kulia bila kujificha. Alilia hasa. Kisha mkono wake ukagusa begi, akalifungua, akaona lenzi iliyopasuka.

"Ulililalia?"

"Nilililalia."

"Na kadi? Kadi ya picha ni nzima?"

Watu wote wakatazama chini. Orrin akalifunga begi, masikio yamemwiva.

Kadi ilikuwa nzima. Picha ile ilitoka nzuri kuliko zote alizopata kupiga. Verla aliiona mezani asubuhi moja, mguu wake umefungwa bandeji, akaiangalia bila kuigusa.

"Sitasimama tena," alisema.

"Goti litapona."

"Sizungumzii goti."

Orrin aliweka kikombe chini. "Sikujua kwamba bado unaogopa mahali pembamba. Hukusema."

"Nilisema kabla ya harusi. Ulitaka niseme mara ngapi?"

Mzee akatoka nje kulisha kuku, akakaa huko mpaka kuku wakashiba wakaondoka. Aliporudi aliuliza kama aichome picha. Verla akamwambia asifanye upuuzi. Ikichomwa, atakuwa amesimama pale bure.

Februari alikwenda Oregon. Nedra alimpa chumba cha wageni, kidogo lakini kizuri, na usiku wa kwanza Verla akahamia kwenye kochi la sebuleni, kando ya mlango. "Nilikuita uje kuona bahari, unalala mlangoni kama mbwa," dada yake alimtania. Alikaa wiki kadhaa. Halafu akarudi, kwa sababu watalii walikuwa wanakuja na Orrin hawezi kupika hata yai, na kwa sababu hakujua kwingine pa kurudi.

Sasa Orrin huingia makorongoni peke yake. Picha zake mpya hazina mtu, na wateja wakiuliza ukuta ule una kimo gani, Verla huwajibu bila kuinua macho. Ile ya Kengele inanunuliwa kuliko zote, naye huifunga kwa karatasi kama nyingine. Ila mlango wa duka Verla huuacha wazi mchana kutwa, hata theluji inapoanguka. Orrin huketi ndani na koti na kofia, akipuliza vidole, na hainuki kuufunga.

"Dada Verla, unapoteza joto," Lamont alimwambia akipita.

"Najua," alisema Verla, akakata karatasi nyingine.