Upepo Uliomkataa Baba

Nilipokuwa mtoto, tukiishi St Marys, Australia, karibu na kituo cha treni, niliuogopa upepo kabla sijajua kuogopa mbwa. Aliyenitia woga huo ni Bibi, mama yake baba yangu. Wenzangu shuleni walikuwa wakiambiwa wavae koti upepo ukianza. Mimi nilikuwa naambiwa nifunge mdomo, maana kwa Bibi upepo ulikuwa unasikia, unabeba, na ukimchukia mtu unamkataa.

Bibi alikuwa binti wa mwindaji. Baba yake aliwinda mbawala kule Burundi kabla vita havijawafukuza. Bibi mwenyewe alizeekea kambini Kigoma, ambako kuwinda kulikatazwa, lakini masharti ya baba yake aliyatunza yote kichwani. Mwindaji analala peke yake usiku wa kuamkia mawindo. Hagombani na mkewe. Na akifika porini, mwenzake anachoma kitambaa kikuukuu mbele yake, yeye anafumba macho, ananusa. Akiusikia moshi, upepo umemkubali, na hapo ndipo pa kukaa, kwa sababu mnyama aliye mbele yake hawezi kumnusa. Lakini moshi ukimpita usoni asiusikie, basi upepo umemkataa. Huyo asiue kitu, asiguse mtu, na akirudi asivuke kizingiti mpaka pua yake ifunguke. Akivuka anaingia na kifo, na kifo hicho hakimchukui yeye. Kinamchukua mkubwa wa nyumba.

Mkubwa wa nyumba yetu alikuwa Bibi mwenyewe. Alikuwa akilisema hilo huku anachambua maharage, kama anayesimulia habari za jirani, na mimi nikaenda kulala nimefunga dirisha.

Ikaja Corona. Bibi alikuwa na kifua kibovu tangu kambini, miaka yote ile ya kupuliza kuni mbichi, na daktari alimwambia Mama waziwazi kwamba ugonjwa ule ukimpata, tusitarajie arudi kutoka hospitali. Mama analea wazee kazini, kwa hiyo alijua vizuri ni kitu gani anaambiwa. Tukamfungia Bibi ndani. Kanisa akawa analifuata kwenye simu, na waumini wakija kumsalimu wanapunga mkono wakiwa nje ya geti. Basi Bibi akaacha kula. Anaonja tonge moja, anasukuma sahani, anasema nyama ya dukani ni kama kutafuna kamba. Magauni yakaanza kumpwaya. Siku moja akasema, labda angepata mbawala angekula. Loo, Baba aliishika kauli ile kama vile daktari ndiye aliyeiandika.

Australia hakuna mbawala. Kuna kulungu wa pembe za matawi, walioletwa zamani na Waingereza, wakazaana mpaka wakawa kero kwa wakulima. Baba alikuwa dereva wa lori la makontena katika bandari ya Port Botany, na rafiki yake mmoja wa bandarini alikuwa na shamba huko nje ya mji, upande wa milimani. Kulungu walikuwa wanamaliza majani ya ng'ombe wake. Baba alikuwa na leseni na bunduki yake ilikuwa halali, na wakati ule masharti ya kutotoka yalikuwa yamelegezwa. Alirudi Ijumaa kutoka safari ndefu ya lori, na kwa kufuata sharti la mwindaji hakuingia ndani. Alilala gereji. Mama alimcheka mlangoni, akamwita mzee wa mila. Asubuhi Baba akanichukua mimi, kwa sababu sharti lilitaka mtu wa pili wa kushika moshi, na mimi ndiye niliyekuwa nayajua masharti yote.

Pale shambani kulikuwa na malingo mawili, yale majukwaa ya mbao yaliyofungwa juu ya mti. Moja lilikuwa mlimani, jirani na msitu ambamo kulungu walikuwa wanalala. Lingine lilikuwa bondeni, kando ya kijito. Baba aliutamani ulingo wa mlimani, maana nyayo mbichi zilikuwa tele huko. Lakini upepo ulitoka magharibi, baridi ya kukata masikio, ukishuka kutoka msituni kuja kwetu. Ukikaa bondeni, harufu yako inakwenda nyuma yako na kulungu hajui kama upo. Ukikaa mlimani, upepo ukigeuka kidogo tu, unawapelekea salamu zako. Ndiyo maana ya kunusa.

Nilichoma kipande cha kanga kuukuu ndani ya kopo la samaki. Baba alisimama chini ya ulingo wa bondeni, akafumba macho. Mimi nikakaa mbele yake, upande unakotoka upepo, nikaliinua kopo.

"Bado," alisema.

Nikasogea. Moshi ulikwenda moja kwa moja, ukagonga kidevu chake, ukampanda puani. Niliuona. Mimi mwenyewe nilikuwa nakohoa kwa vile ulivyokuwa unanuka pamba iliyoungua.

"Bado. Upepo umegeuka, nini? Twende juu."

Nikamwambia kwa Kiingereza, kama tulivyozoea sisi watoto wa huku kuwajibu wazazi, kwamba moshi uko usoni mwake. Akafumbua macho. Akauona ukimzunguka kichwa. Alichuma jani la mkaratusi, ambalo hata mwenye mafua mazito linamzibua, akalisaga kiganjani na kulipeleka puani. Akanusa tena. Akavua glavu akanusa mafuta ya bunduki. Mimi nilikuwa namwangalia midomo tu, nikiomba aseme ananusa chochote, hata uongo.

Wakati huohuo kulungu akatoka msituni. Dume, mnene, anatembea taratibu kuja bondeni, na upepo ulikuwa wetu kabisa, hakujua lolote. Baba akainua bunduki. Nakumbuka nilivyochanganyikiwa pale. Akipiga, Bibi atakula. Akipiga, amevunja sharti, na Bibi atakufa. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilikuwa naamini yote mawili kwa nguvu sawa. Baba alilenga kwa muda mrefu, kisha akashusha bunduki, akaitoa risasi ndani, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba twende nyumbani. Kulungu alisikia sauti akapotea.

Njiani tulivaa barakoa, madirisha wazi, baridi inatupiga. Baba alianza kujishawishi. Ni mafua. Ni uchovu wa barabarani. Jumatatu atapima. Asimtie mama yake hofu bure, mtu mwenyewe hali chakula. Ataingia, ataoga, atakaa mbali naye kidogo, yatakwisha. Akanitaka nisiseme habari ya moshi. Nilikubali kwa kichwa. Kadiri tulivyokaribia St Marys ndivyo nilivyozidi kutaka ile barabara isifike mwisho. Kumkatalia Baba sikuthubutu, na kumficha Bibi nilikuwa naona ni kumzika.

Bibi alitusikia tunaegesha. Akatoka barazani na kitenge chake begani, akashuka ngazi kuja kumpokea mwanawe, mikono ameifungua. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anatembea haraka tangu aanze kukonda. Baba alikuwa ameshatoka garini. Niliona mguu wake ukienda mbele, kisha ukarudi.

"Mama, usinisogelee," alisema. "Upepo umenikataa."

Bibi akasimama palepale. Akamwuliza kama moshi ulimpita. Baba akasema ulimpita usoni. Bibi akanigeukia mimi, shahidi, na nikamjibu kwa Kiswahili, mimi ambaye walinibembeleza miaka yote nikiseme: "Nimeuona, Bibi."

Bibi alirudi kinyumenyume, macho yakiwa kwa mwanawe, akapanda ngazi akizipapasa kwa kisigino, akaingia, akafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Nikasikia anageuza ufunguo.

Tulikaa gereji mimi na Baba. Mama alikuwa anatuwekea chakula nje, anagonga, anaondoka. Baba alipimwa, akakutwa na Corona. Watu wa afya walipopiga simu na mkalimani wao kumweleza Bibi kwa nini mwanawe atengwe, aliwasikiliza kwa adabu, halafu akamwambia Mama kwamba hao nao wamechelewa kuambiwa. Mimi nilipata kikohozi kidogo. Baba ilimshika vibaya. Kulikuwa na siku alihema kama anayepanda mlima akiwa amelala, na mimi nikamhesabia pumzi, nikiogopa kwenda hata chooni. Bibi alileta kiti upande wa pili wa ukuta, akawa anakaa huko kutwa, anamwimbia nyimbo za kanisani. Na yeye aliyekuwa anasukuma sahani akaanza kula, kila kitu, hata ile nyama ya dukani. Mama alipomshangaa, alisema mwanawe akiwa mgonjwa yeye hana nafasi ya kudeka.

Pua ya Baba ilifunguka asubuhi moja Mama alipokuwa anakaanga dagaa nje. Baba aliinuka kitandani akasema "dagaa", akaangua kicheko, akakohoa, akacheka tena. Bibi hakutosheka. Alimfanya afumbe macho, akachoma kitambaa mwenyewe, na ndipo akamfungulia mlango.

Sasa mimi ni mtu mzima, na nimesikia maelezo yote ya kitaalamu kuhusu pua na virusi. Nayakubali. Lakini maelezo hayo hata Baba alikuwa nayo siku ile, redio ya gari ilikuwa inayasema kila saa, na bado alikuwa amepanga kuingia ndani. Aliniambia hivyo mwenyewe baadaye. Redio aliweza kuibishia. Kilichomshinda ni kumdanganya mama yake juu ya jambo ambalo Bibi na baba yake Bibi waliliamini. Huwa nafikiri kwamba huko zamani palikuwepo mwindaji fulani aliyerudi na ugonjwa, pua haisikii harufu, akaua watu wake, na waliobaki wakatunga sharti, wakaliweka kwenye upepo ili pasiwe na wa kulijadili. Sina hakika. Bibi nilimwuliza, akaniambia niache kuuchokonoa upepo.

Mwaka ule wenzetu wengi walizika wazazi wao kwa kutazama simu, sauti inakatika, picha inaganda. Bibi aliishi miaka kadhaa zaidi, akanenepa, akatugombeza, akafa kitandani kwake mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Baba. Siku ya mazishi Baba alibeba jeneza upande wa kichwa. Walipolishusha, alipiga magoti kwenye udongo akalia kwa sauti mbele ya watu wote, bila barakoa, na sisi tukamzunguka na kumshika.